Kinyozi na saluni chumba kimoja, Kondele: makaratasi yaanzie wapi, na afisa wa afya huangalia nini?

FundiKondele aliuliza:

Hamjambo wadau. Kuna chumba cha futi 12 kwa 14 Kondele, Kisumu, kando ya barabara, nataka kukifanya kinyozi na saluni pamoja. Viti viwili vya kunyolea, kiti kimoja cha nywele za akina mama, na meza ndogo ya kucha dirishani. Sakafu ni ya simiti, kuta ni matofali hadi kiunoni halafu mabati. Bomba la maji liko kwenye ploti ila halijaingia ndani. Choo ni cha pamoja na wapangaji wengine.

Vifaa vilivyopo: mashine mbili za kunyoa, moja ndogo ya kupiga laini, boksi la sterilaiza lenye taa ya buluu, draya ya kukalia na blo draya. Wafanyakazi watakuwa watatu, kwa komisheni.

Kila anayeulizwa ana jibu lake. Huyu anasema lipia leseni ya kaunti kwanza, mengine yatafuata. Yule anasema bila cheti cha NITA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) kanjo, askari wa kaunti, watafunga. Mwingine anasema ukiwa na boksi la sterilaiza afisa wa afya hana neno. Naomba wanaojua wanieleze:

1. Utaratibu wa makaratasi ukoje, kipi kabla ya kipi?
2. Boksi la taa linatosha kweli?
3. Nyembe zilizotumika zinatupwa wapi kihalali?
4. Nikiuza krimu na dawa za nywele kaunta, kuna sheria gani?
5. KRA watanidai nini?

---

AfyaMtaani alijibu:

Anza na chumba. Karatasi zitafuata chumba. Ukilipia leseni leo na chumba kikikataliwa kesho, pesa imeshaingia na bado huna pa kufanyia kazi.

Kwanza uelewe nani ana mamlaka gani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za afya, leseni za biashara na uzoaji wa taka. Ndiyo maana utakayoshughulika naye ni kaunti ya Kisumu, na ndiyo maana ada unazosikia za Nakuru au Kakamega hazikuhusu. Kila kaunti ina Sheria yake ya Fedha inayopitishwa kila mwaka, na mwishoni mwake kuna jedwali la ada. Uliza ofisini wakuonyeshe mstari wa biashara yako kwenye jedwali hilo. Kiwango hufuata ukubwa wa chumba na idadi ya wafanyakazi, kwa hiyo ukijaza fomu kwa makisio unaweza kujikuta kwenye daraja la juu bila sababu.

Usafi wenyewe unasimamiwa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Kifungu cha 115 kinakataza mtu kuacha mahali pake pawe kero inayohatarisha afya. Kifungu cha 118 kinaorodhesha kero zenyewe: jengo chafu, mfereji ulioziba, choo kibovu, mahali pasipo hewa na kadhalika. Kifungu cha 119 ndicho kinachompa afisa uwezo wa kukuandikia notisi, akitaja kasoro na muda wa kuirekebisha. Usiporekebisha, kifungu cha 120 kinaruhusu akupeleke mahakamani.

Shika hapo: notisi ni ya maandishi, ina muda, na faini hutolewa na mahakama. Anayekuambia "lipa sasa hivi nikuache" mlangoni hafuati sheria hiyo. Omba kitambulisho chake cha kazi, mwambie aandike notisi, weka nakala. Malipo yote ya kaunti yana bili na risiti yenye nambari.

Sasa utaratibu. Muulize mwenye ploti kama eneo limeidhinishwa kwa biashara. Ukigeuza nyumba ya kuishi kuwa saluni bila idhini ya kubadilisha matumizi, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaweza kukusumbua hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Kondele barabarani kwa kawaida hakuna shida, ila ndani mitaani uliza. Kisha nenda kwa afisa wa afya ya umma wa wadi kabla ya kupaka rangi, umwombe aje aangalie chumba kikiwa kitupu. Atakwambia kinachokosekana wakati bado ni rahisi kurekebisha. Rekebisha, aje akague rasmi, upate cheti cha afya cha jengo, ndipo ulipie leseni ya biashara. Bili ya leseni huweza kuja na vifungu vingine ndani yake: taka, zimamoto, bango la nje. Isome kifungu kwa kifungu. Bango lina ada yake, na watu wengi hushtuka hapo kwa sababu wamechora ukuta mzima.

Kwa chumba ulichoeleza, haya ndiyo atakayoyaona kwanza:

Maji ndani. Bomba la ploti halitoshi kama mfanyakazi lazima atoke nje kunawa kati ya mteja na mteja, kwa sababu hatatoka. Leta mfereji ndani, au weka tangi lenye koki.

Mabati. Sehemu ya juu ya ukuta inahitaji kitu kinachopanguswa, kwa mfano bodi iliyopakwa rangi ya mafuta. Jua la Kisumu likipiga mabati mchana, chumba hakikaliki, na dawa zako zinaharibika. Dari ni ya lazima kwa akili yangu, hata kama afisa hataitaja.

Sakafu ya simiti ni sawa ikiwa laini, haina nyufa. Nywele hukwama kwenye nyufa.

Choo cha pamoja hakina tatizo mradi kinafanya kazi na wateja wanaruhusiwa kukitumia.

Na usiruhusu mtu kukaanga chips au kuuza mandazi ndani ya chumba hicho hicho ili kugawana kodi. Hilo hukataliwa papo hapo.

Kuhusu wafanyakazi: kaunti inaweza kutaka wapimwe afya. Wakipimwa, zingatia magonjwa ya ngozi, kifua na vidonda vya mikono. Usimlazimishe mtu kupima virusi vya ukimwi ili umpe kazi. Sheria ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi inakataza jambo hilo waziwazi. Chenye faida zaidi ni chanjo ya homa ya ini aina ya B: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Kinyozi anagusana na damu ya watu wengi kuliko anavyodhani.

NITA: Kenya haina bodi ya kitaifa inayompa kila kinyozi leseni yake binafsi. Marekani kila jimbo lina masharti ya namna hiyo, sisi hatuna. Mtihani wa NITA una daraja la tatu, la pili na la kwanza, na unathibitisha ujuzi. Unasaidia sana kupata kazi, zabuni au mkopo, na kituo chao kipo hapa Kisumu. Lakini cheti hicho si leseni ya kufungua mlango, na leseni ya kaunti haisemi kwamba unajua kazi. Usichanganye hivyo viwili.

---

WembeMmoja alijibu:

Mimi nijibu la pili na la tatu, na nitasema wazi: boksi la taa ya buluu halitoshi, na linadanganya watu wengi.

Taa ya UV huua vijidudu pale tu miale inapopiga moja kwa moja. Upande wa chini wa mashine haupigwi. Katikati ya meno ya bledi hapapigwi. Palipo na nywele, mafuta au damu iliyokauka, vijidudu vimejificha nyuma yake. Taa yenyewe huzeeka, inaendelea kutoa mwanga wa buluu huku nguvu ya kuua imekwisha. Na maboksi mengine ya bei rahisi yana balbu ya buluu tu, hayana UV kabisa. Kwa hiyo litumie kama kabati la kuhifadhi vifaa vilivyokwisha kusafishwa. Kama afisa anataka kuliona, liwepo. Ila akikuuliza "kabla ya kuingia humu, kifaa kilifanywa nini?", uwe na jibu.

Jibu lenyewe ni hili: kuosha kwanza, dawa baadaye. Dawa haipenyi uchafu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, hata doa la damu likiwa limekauka na halionekani. Mashilingi ya kichwani (fangasi ya ngozi) nayo husafiri na nywele zilizokatika, ndiyo maana mtoto mmoja akinyolewa na mashine isiyosafishwa unaweza kuona darasa zima lina madoa.

Mashine ya umeme, kati ya mteja na mteja: izime, chomoa. Piga brashi nywele zote zitoke kwenye meno. Pangusa bledi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha kitambaa safi. Halafu lowesha bledi kwa spiriti ya asilimia 70 na uiache ikauke yenyewe. Kosa la kawaida ni kupulizia na kufuta papo hapo. Spiriti inafanya kazi ikiwa bado mbichi; ukiifuta umeitoa kabla haijafanya lolote. Spiriti ya nguvu zaidi si bora zaidi, kwa sababu ile ya asilimia 90 na kitu hukauka haraka mno na inahitaji maji kidogo ndipo iue vizuri.

Na ile tabia ya kuwasha moto juu ya bledi iliyopuliziwa spiriti iachwe kabisa. Moto ule hudumu sekunde chache, chuma hakipati joto la kutosha kuua chochote cha maana, bledi inapoteza makali, na chumba chako kina asetoni ya kucha hatua mbili kutoka hapo.

Bledi inayofunguliwa kwa skrubu mbili ifunguliwe kila jioni, na mara moja ikiwa imemkata mtu. Osha kwa sabuni na mswaki wa zamani, loweka kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, suuza, kausha, weka matone mawili matatu ya mafuta ya mashine. Usizidishe dakika 10, klorini inakula chuma. Ndiyo sababu nashauri uwe na bledi mbili kwa kila mashine: moja kazini, nyingine inalowa au inakauka.

Kuchanganya klorini hiyo: Jik ya kawaida (dawa ya madoa yenye klorini) ni asilimia 3.5. Sehemu moja ya Jik, sehemu sita za maji. Kwa mfano kikombe cha mililita 250 kwa lita moja na nusu ya maji. Ukinunua chapa nyingine soma asilimia kwenye chupa, igawe kwa asilimia unayoitaka, toa moja, jibu ndilo sehemu za maji. Tumia maji baridi, ndoo yenye kifuniko, isiyopitisha mwanga. Changanya mpya kila asubuhi. Joto la Kisumu na jua huimaliza nguvu upesi, na ikichafuka mchana mwaga uchanganye nyingine. Kwa meza, viti na vitana vya plastiki unaweza kutumia nyepesi, mililita 30 za Jik kwa lita moja ya maji, ambayo ni asilimia 0.1 hivi. Damu ikidondoka, rudi kwenye ile ya 0.5, vaa glavu, dakika 10.

Usichanganye Jik na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na rangi ya nywele yenye amonia, wala na spiriti. Gesi inayotoka huunguza mapafu, na chumba cha futi 12 kwa 14 hakina pa kuikimbilia.

Vifaa vya chuma visivyo na mota, kama makasi, mikato ya kucha, koleo za nyusi, vinaweza kuchemshwa. Osha, zamisha kabisa, hesabu dakika 20 kuanzia maji yanapotokota, na usiongeze kifaa kingine katikati. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru ni karibu nyuzi 94. Dakika 20 zinafidia hilo. Kuchemsha si kama mtambo wa mvuke wa hospitali unaofika nyuzi 121 kwa shinikizo, lakini kwa kazi ya saluni isiyotoboa ngozi ni njia nzuri na ya bei nafuu. Ukitaka kutoboa masikio au kuchora chale, hapo mtambo wa mvuke au vifaa vya kutumia mara moja ndivyo vinavyotakiwa.

Tazama pia nafasi kati ya bledi mbili. Ile inayotembea ikae nyuma ya ile isiyotembea kwa nusu milimita hadi milimita moja. Vijana wanazisogeza zilingane ili laini itoke kali, na hapo ndipo ngozi inapokwanguka. Kwa mteja mwenye nywele za kujikunja, kukata chini ya usawa wa ngozi pia huleta vipele kidevuni na kisogoni, nywele zikirudi kuota kwa ndani. Vipele vya kisogoni vikiachwa vikinyolewa kila wiki vinaweza kugeuka makovu magumu. Mwenye vipele vibichi mwachie nywele fupi, usimpige wembe.

Wembe: kipande kimoja, mteja mmoja. Wembe ukivunjwa vipande viwili uingie kwenye kishikio, kila nusu ni ya mtu mmoja tu. Mfungulie mteja akiona. Ukimaliza, usiuweke mezani, usiufunge kwenye karatasi. Uingie moja kwa moja kwenye chombo kigumu. Boksi la njano la sindano linapatikana maduka ya vifaa vya hospitali. Dumu gumu la plastiki lenye kizibo cha kukaza linafaa pia, liandike NYEMBE. Likifika robo tatu lifunge. Usilichome uani, nyembe haziungui, na usilitie kwenye gunia la taka la ploti, mkono wa mzoa taka utakuta nini? Ongea na kituo cha afya chenye kichomea taka wakubali kupokea, au msafirishaji taka mwenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), na uweke karatasi ya kila unapopeleka. Afisa akiikuta hiyo karatasi ukaguzi unakwenda haraka.

---

FundiKondele:

Asanteni sana. Taulo je? Na hapa wengi wanafanya kazi bila hata nusu ya haya na hawajafungwa.

---

WembeMmoja:

Taulo moja mtu mmoja, inafuliwa kwa maji ya moto na sabuni, inakauka juani. Shuka la kunyolea si lazima libadilishwe kila mara ikiwa shingoni umeweka ukanda wa tishu, halafu unautupa. Ukanda huo ni senti tu na unaokoa taulo nyingi.

Hao ambao hawajafungwa bado wana wateja wenye mashilingi. Kufungwa si kipimo.

---

NyweleNaNgozi_Kakamega alijibu:

Kuhusu krimu na dawa. Hapa Magharibi bidhaa nyingi hupita Busia bila kukaguliwa, kwa hiyo mwenye duka ndiye anabaki na mzigo ikikamatwa.

Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) zimepigwa marufuku Kenya tangu 1998. Kiwango cha vipodozi kinachotumika Afrika Mashariki ni EAS 377, na KEBS, shirika la viwango, ndio wanaokisimamia. Bidhaa ya hapa nchini iwe na alama ya ubora ya KEBS yenye nambari ya kibali. Ya kutoka nje iwe na stika ya uagizaji. Nambari ya kibali hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na SM#, unaletewa jina la bidhaa na kampuni. Likitofautiana na la kwenye chupa, usiinunue. Fanya hivyo ukiwa bado kwa muuzaji wa jumla, pesa ikiwa mfukoni mwako.

Zebaki haiandikwi wazi. Tafuta maneno kama calomel, mercurio, mercuric au Hg. Na dalili moja ya hakika: lebo inayoonya krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Zebaki hushikana na madini hayo, ndiyo sababu ya onyo. Isiyo na orodha ya viambato kabisa, iache. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaharibu figo, na hupita kwa mtoto anayelala kifuani mwa mama aliyejipaka. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu juani huacha madoa ya buluu na nyeusi mashavuni ambayo ni vigumu mno kuondoka.

Kuna tabia ya "kuchanganya" saluni: losheni ya kawaida inatiwa tyubu mbili za klobetasoli au betamethasoni. Hizo ni steroidi, ni dawa za kuandikiwa na daktari, ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Kuzichanganya na kuziuza kaunta ni kosa, na ngozi ya mteja inakuwa nyembamba, inapasuka michirizi, mishipa inaonekana, na akiacha ghafla uso unawaka. Sindano za kung'arisha ngozi ni kazi ya kliniki iliyosajiliwa. Saluni haina leseni ya kudunga mtu.

Dawa ya kulainisha nywele ni alkali kali, ama sodiamu haidroksaidi au ile ya kuchanganya chupa mbili. Kichwa kisikwaruzwe wala kuoshwa saa 24 kabla. Paka mafuta ukingoni na masikioni, anzia kisogoni, fuata dakika za kwenye pakiti, na ikianza kuwasha sana suuza papo hapo hata kama nywele hazijalainika. Hapa ndipo suala la maji linarudi: ikiingia jichoni unahitaji maji yanayotiririka dakika 15, na jagi moja haliwezi. Shampuu ya kumalizia irudiwe hadi povu lisiwe na rangi, kwa zile zenye rangi ya kuonyesha kwamba dawa bado ipo.

Rangi nyeusi ya nywele, na piko pia, ina kemikali ya PPD. Jaribu kidogo nyuma ya sikio saa 48 kabla. Mteja akikataa kusubiri, usimpake. Uso unaweza kuvimba macho yakafunga.

Kucha: dirishani ni mahali pazuri, usipahamishe. Barakoa ya karatasi huzuia vumbi la tupa, haizuii harufu. Harufu huondolewa na hewa inayopita tu. Maji ya akriliki yakiwa na kemikali ya MMA badala ya EMA utayajua: harufu kali mno, kucha ngumu kama jiwe, hailainiki kwenye asetoni, na ikigonga mahali inang'oka na kucha ya asili. Watu huitumia kwa sababu ni ya bei ndogo. Jeli zenye kemikali ya TPO zimepigwa marufuku Ulaya tangu Septemba 1, 2025, kwa hiyo tarajia shehena za bei ya kutupa masokoni kwetu, na usome viambato. Tupa za karatasi ya msasa haziwezi kusafishwa, mpe mteja aende nayo au itupe.

Usihamishie dawa yoyote kwenye chupa ya soda. Yoyote.

---

HesabuZaDuka alijibu:

La tano, kwa ufupi. Mauzo yako ya mwaka yakizidi shilingi 1,000,000 na yasifike zaidi ya 25,000,000, unaingia kodi ya mauzo, asilimia 3 ya mauzo yote bila kutoa gharama, unalipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chini ya milioni moja huingii huko, ila ritani ya mwaka bado unajaza kufikia Juni 30. Gawanya uone: milioni moja kwa mwaka ni kama 2,740 kwa siku bila kupumzika. Viti vitatu na kucha mnaweza kuvuka, kwa hiyo weka daftari la kila siku tangu siku ya kwanza.

Komisheni ndiyo inayoleta ugomvi. Kama kinyozi anafuata saa zako, anatumia mashine zako na wewe ndiye unapanga bei, huyo ni mfanyakazi hata kama mnagawana 40 kwa 60. Maana yake NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) asilimia 2.75 ya mapato yake isiyopungua 300 kwa mwezi, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 kutoka kwake na 1.5 kutoka kwako. Kama anakodi kiti, ana vifaa vyake na wateja wake, andikeni mkataba wa kukodi kiti na kila mtu ajisimamie. Mkataba wa mdomo hausaidii siku ya madai. Na bidhaa za kaunta zisichanganywe na mapato ya kunyoa kwenye hesabu ya komisheni.

Ukipiga muziki kwa spika kwa wateja kuna leseni ya muziki pia, kutoka shirika lililoidhinishwa na KECOBO, bodi ya hakimiliki. Uliza kwanza ni shirika gani lina idhini mwaka huo kabla ya kumlipa anayekuja mlangoni.

Umeme, kwa kuwa hakuna aliyeutaja: soketi ya 13A inabeba takriban watt 3,000. Draya mbili za watt 2,000 kwenye ekstensheni moja zinachukua karibu ampea 17. Ekstensheni inayeyuka kwanza, kisha ukuta wako wa bodi. Kila draya soketi yake ya ukutani, fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati), na mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na mlango, usiwe nyuma ya draya.

---

FundiKondele:

Nimepata mwanga. Swali moja la mwisho kwa AfyaMtaani: mwenye ploti amekataa kuvunja ukuta kuingiza bomba. Tangi la ukubwa gani litakubalika, na maji machafu yapelekwe wapi?

---

AfyaMtaani:

Sheria haitaji lita. Kwa viti vitatu na kucha, weka tangi la lita 100 juu ya stendi ya chuma, koki ikae kimo cha kiuno, na lingine la akiba la lita 100 chini kwa siku ambazo bomba la mtaa limekauka. Kuosha kichwa kimoja hula lita 10 hadi 15, kwa hiyo akina mama saba hadi kumi wanamaliza tangi. Panga wa kujaza saa nne na saa tisa.

Chini ya koki weka sinki lenye chujio la matundu madogo la kunasa nywele, halafu bomba la plastiki la inchi mbili lipite juu ya simiti kandokando ya ukuta hadi kwenye mfereji wa maji taka wa ploti. Halihitaji kuvunja ukuta, linapita tundu la mlangoni. Lisiishie kwenye mtaro wa maji ya mvua barabarani, hiyo ndiyo kasoro inayoandikiwa notisi mara nyingi. Kama ploti haijaunganishwa na mfereji mkuu, liende kwenye shimo la kunyonya maji, na umwonyeshe afisa shimo hilo siku ya kwanza anapokuja kuona chumba. Chujio lisafishwe kila jioni, nywele ziingie kwenye mfuko wa taka.